Picha Iliyomtangulia Mwenyewe

Vitu vya ukumbusho vya Wayahudi walionusurika mauaji ya Wanazi tumezoea kuvisoma kwa swali moja: kilipitaje? Kijiko, kitambaa, pete iliyoshonewa ndani ya pindo la gauni, kila kimoja huwekwa kwenye kabati la kioo pamoja na hadithi ya safari yake, kutoka nyumbani hadi kambini, kutoka kambini hadi mkononi mwa mjukuu. Hadithi ya namna hiyo ina shujaa wake, naye ni kile kitu kilichopita motoni kikatoka kizima. Ni fani yenye nguvu na siidharau. Lakini kwa Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes, ambao baadhi ya walionusurika wao walikuja kuishi na ndugu zao katika mji wetu wa Lubumbashi, wakati huo Elisabethville, swali hilo halifungui mlango. Vitu vyao vyenye uzito zaidi havikupita kambini hata kidogo. Ni picha zilizotiwa posta miaka mingi kabla ya maafa, wakati ambapo hazikuwa kumbukumbu ya msiba wowote. Zilipokewa Katanga, zikatiwa fremu au zikawekwa ndani ya albamu, na wenye kupigwa picha walipouawa, zikabaki zinawatazama ndugu zao.

Fani ya kitu kilichotumwa si fani ya kitu kilichookolewa. Kina mtumaji na mpokeaji, kina uso na mgongo, na mara nyingi maana yake iko mgongoni.

Ili tuzisome picha hizi inafaa tujue kwanza kwa nini zilikuja huku. Rhodes ni kisiwa kilicho karibu na pwani ya Uturuki. Wayahudi wake wengi walikuwa wazao wa wale waliofukuzwa Hispania mwaka 1492. Nyumbani walizungumza Kihispania chao cha Kiyahudi, watoto walijifunza Kifaransa katika shule za Alliance Israélite Universelle, na baada ya Italia kukitwaa kisiwa mwaka 1912 kutoka kwa dola ya Uthmaniya, Kiitalia kikaongezeka. Kazi zilikuwa chache. Vijana wakahama: wengine Marekani, wengine Rhodesia na Afrika Kusini, wengine Kongo ya Wabelgiji. Katika Katanga walijulikana kwa biashara. Aliyefanikiwa kufungua duka alimwita mdogo wake, kisha binamu, kisha akaandika nyumbani kutafuta mchumba. Sinagogi la Elisabethville, lililochorwa na msanifu Raymond Cloquet, lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1920, na bado limesimama katikati ya mji. Mwaka 1937 alifika rabi Moïse Levy, akaongoza jumuiya hiyo hadi mwaka 1991. Hata msomaji asiyejua lolote kuhusu historia hii analijua tawi lake moja: Nissim Soriano, baba wa mwanasiasa Moïse Katumbi, alikuwa Myahudi kutoka Rhodes aliyeishia kwenye biashara ya samaki kandokando ya Ziwa Mweru.

Mwaka 1938 Italia ilipitisha sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi. Chuo cha marabi cha Rhodes kilifungwa na watoto wakafukuzwa shuleni. Mmoja wao, Sami Modiano, alikuwa na umri wa miaka minane. Septemba 1943 Wajerumani wakakishika kisiwa. Julai 1944 wanaume waliamriwa kujisalimisha, kisha wake na watoto wakaamriwa kuwafuata, tena waje na vitu vyao vya thamani. Vitu hivyo vilinyang'anywa hapo hapo, kabla watu hawajapanda mashua. Balozi mdogo wa Uturuki, Selahattin Ülkümen, alifanikiwa kuwatoa watu wapatao 40 kwa kung'ang'ania kwamba wao na wenzi wao walikuwa chini ya ulinzi wa serikali yake. Waliobaki, zaidi ya 1,600, waliondoka tarehe 23 Julai, wakapitishwa Piraeus na Athens, wakatiwa katika mabehewa ya mizigo, na tarehe 16 Agosti wakafika Auschwitz. Waliotoka hai ni karibu 150.

Angalia mpangilio wa unyang'anyi huo. Mtu aliambiwa achague mwenyewe kile anachokithamini, akifunge, akibebe, kisha kikachukuliwa. Kile ambacho kwa kawaida kingekuwa ukumbusho ndicho kilichotangulia kupotea, kwa sababu ndicho kilichobebwa. Kilichoachwa nyumbani kilipotea baadaye. Kwa hiyo hesabu ya familia za Rhodes inakwenda kinyume na matarajio yetu: kilichofichwa na kushikwa sana kilipotea, na kilichotolewa kwa hiari, kikafungwa katika bahasha na kupelekwa mbali, ndicho kilichobaki.

Sasa tuisome picha yenyewe. Sizungumzii picha moja ya familia fulani. Nazungumzia aina, kwa maana picha za studio za miaka ya 1920 na 1930 zina kanuni zake, na kanuni hizo zinasomeka kama bahari za ushairi zinavyosomeka. Nyingi zilichapwa juu ya karatasi ya kadi ya posta, kipimo cha karibu sentimita 9 kwa 14, ambayo ingeweza kuandikwa nyuma na kutumwa. Mbele kuna pazia lililochorwa, kiti kimoja cha heshima, na watu waliopangwa kwa umri: wazee wameketi, vijana wamesimama nyuma, mtoto mdogo yuko katikati. Nguo ni za sikukuu. Hakuna anayecheka. Macho yote yanatazama mahali pamoja.

Mahali hapo ndipo pa kutua. Wanamtazama nani? Jibu la haraka ni mpiga picha. Lakini mpiga picha alilipwa ili awakilishe mtu mwingine. Picha ya namna hii ilipigwa kwa sababu kuna mtu hayupo: kaka aliye Elisabethville, mwana aliye Likasi, mchumba ambaye bado hajaonana na bibi harusi. Yule asiyekuwepo ndiye aliyeamua siku ipi, nguo zipi, nani asimame wapi. Naye hayumo katika picha kwa sababu amesimama pale ilipo kamera. Akiipokea Katanga na kuinyanyua mbele ya macho yake, anaingia katika nafasi aliyoachiwa, na familia nzima inamtazama yeye. Kwa jicho la mhakiki huu ni usimulizi wa nafsi ya pili: kila kitu kilichomo ndani ya fremu kinasema «wewe».

Hoja ya picha hiyo nayo ni wazi, na imejengwa kwa makini. Inasema: sisi wazima, tunakula, tunavaa, watoto wanakua, usiwe na wasiwasi, lakini usitusahau. Wakati mwingine inasema zaidi: huyu binti amefikia umri. Umaskini uliomfanya kijana ahame hauonekani, maana pazia la studio limeuficha. Mtu anaweza kuita hayo uongo. Mimi naona ni adabu, ile ile inayomfanya mama wa Kasungami au Luwowoshi hapa mjini aazime kitenge cha jirani kabla ya kupiga picha ya kumtumia mwanawe aliye ughaibuni.

Ukiigeuza, unakuta mgongo. Huko fani inabadilika kutoka taswira hadi mwandiko. Kuna jina la anayetumiwa, majina ya wanaotuma, mji, tarehe, na mstari mmoja au miwili ya upendo. Mwandiko wenyewe unaeleza kizazi: mzee huandika Kihispania cha Kiyahudi kwa herufi za Kiebrania za mkono, binti huandika Kifaransa alichofundishwa shuleni, mtoto wa mwisho Kiitalia. Maneno ni ya mapokeo, kama salamu za barua zetu za zamani zilivyokuwa za mapokeo. Ni wachache wanaojaribu kusema jambo jipya nyuma ya picha. Na kwa kuwa maneno hayana upya, tarehe ndiyo inayobeba uzito wote. Msomaji wa mwaka 1936 aliitazama tarehe ili ajue picha imechukua muda gani njiani. Msomaji wa mwaka 1946 aliitazama ili ahesabu miaka iliyokuwa imebaki kufikia Julai 1944. Hakuna hata herufi moja iliyobadilika, na utanzu umekwisha kubadilika, kutoka salamu hadi ombolezo. Sijui fani nyingine ya maandishi ambayo inageuka kabisa namna hii bila mwandishi kuigusa.

Hapo ndipo anapoingia yule aliyenusurika. Tumfikirie anafika Elisabethville baada ya vita, ameitwa na kaka yake aliyehama mapema. Hana kitu. Anaingia sebuleni na kumwona mama yake ukutani. Picha hiyo ndiyo kumbukumbu yake pekee, ila si yake. Nyuma imeandikwa jina la kaka. Tena katika picha hiyo yeye mwenyewe yumo, labda ndiye yule mtoto wa katikati, akimtazama kaka yake wa mbali kwa macho ya siku ambayo hajui lolote. Aliyekuwa mtumaji amekuja kuwa mpokeaji. Alikuwa ndani ya fremu, sasa yuko nje yake, amesimama pale pale kwenye nafasi ya kamera, na wote wanaomtazama isipokuwa yeye mwenyewe wamekufa. Ndiyo maana nasema picha hizi hazisomeki kwa swali la «kilipitaje». Kilichopita ni mtu, na picha ilikuwa imemtangulia.

Linganisha na vitu vilivyobaki kule kambini. Jumba la makumbusho la Auschwitz linahifadhi masanduku yapatayo 3,800, na kati yake kama 2,100 yana majina ya wenyewe. Majina hayo yaliandikwa kwa rangi, kwa herufi kubwa, na watu waliodhani kwamba watadai mizigo yao. Yamekuwa anwani zisizo na posta. Ukisimama mbele ya rundo hilo, fani inayokusemesha ni ya wingi: unaona ukubwa wa uhalifu kabla ya kumwona mtu. Zipo pia huko picha zipatazo 2,400 ambazo wafungwa walikuja nazo, nyingi zikiwa za familia za Poland. Hizo zilifika na wenyewe, zikabaki baada yao. Picha za Rhodes zilizo Katanga ziko kinyume chake. Hazikuwahi kukaribia reli ile. Ndiyo sababu hazina doa la kambi, na ndiyo sababu mtu asiyejua atazipita kama picha za kawaida za watu waliovaa vizuri.

Kuna ukumbusho mmoja tu ambao walionusurika walitoka nao kambini bila kuuficha, nao ulichanjwa katika ngozi. Sami Modiano aliandikwa nambari B7456. Baba yake, Jacob, aliyekuwa mbele yake katika foleni, aliandikwa B7455. Zisome nambari hizo mbili pamoja. Lengo la nambari lilikuwa kufuta jina, ukoo na kila kinachomfungamanisha mtu na mtu. Lakini foleni ina mfuatano, na mfuatano umehifadhi undugu: baba, kisha mwana. Wauaji wenyewe wameacha hati ya nasaba bila kukusudia. Baba hakutoka, wala dada, Lucia. Modiano alikwenda Kongo baada ya vita akiwa kijana, akaishi huko miaka mingi, na kitabu chake cha mwaka 2013, *Per questo ho vissuto*, katika jina lake dogo kinataja Auschwitz-Birkenau na kuongeza, kwa wingi, uhamisho mwingine. Wingi huo ni wa haki. Kongo inaingia katika maisha yake kama mahali pa kuanza upya na kama mahali pa kuhama tena, na msomaji wa Lubumbashi hana budi kujiona katika neno hilo dogo.

Nina shaka moja kubwa kuhusu fani ya picha hizi, na mhakiki akiinyamazia atakuwa amezisoma nusu. Elisabethville iliyowapokea walionusurika nayo ilikuwa mji uliojengwa juu ya ubaguzi. Kati ya mji wa Wazungu na makazi ya Waafrika kulikuwa na ukanda mtupu uliowekwa makusudi. Wafanyabiashara wa Rhodes, kama Wagiriki na Wareno, hawakuheshimiwa na Wabelgiji wakubwa kama Wazungu kamili, lakini walikuwa upande wa Wazungu wa ukanda ule. Picha zilisafiri pande zote mbili: huku zilitoka nyingine kwenda Rhodes, za duka jipya, za gari, za kofia ngumu ya jua. Katika desturi ya picha za kikoloni Mwafrika aliye pembeni, mfanyakazi wa duka au boyi wa nyumbani, hana jina mbele wala nyuma. Mtu aliyeandika kwa uangalifu mkubwa majina ya binamu zake wote hakuandika jina la yule aliyeshika baiskeli. Simlaumu aliyeomboleza mama yake kwa dhambi yote ya ukoloni. Nasema tu kwamba mgongo wa picha, ambao ndio utukufu wa fani hii, una mpaka wake, na mpaka huo ni wa rangi.

Jibu la pengo hilo liliandikwa hapa hapa, kwa Kiswahili cha hapa. Mwaka 1965 André Yav alitunga *Vocabulaire de ville de Elisabethville* kwa niaba ya watumishi wa zamani wa nyumbani, historia ya mji kama walivyoijua wale waliopika, waliofua na waliopangusa. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikuja kuichapisha mwaka 1990. Wapanguzaji hao ndio waliozishika fremu za sebuleni kila asubuhi. Hawakuwa walengwa wa picha, lakini walikuwa watazamaji wake wa kudumu kuliko wote. Kuziweka hati hizi mbili pamoja, mgongo wa picha ya Rhodes na kurasa za Yav, ni kazi ambayo ingemfaa mwanafunzi yeyote wa Chuo Kikuu pale Kasapa anayetafuta mada ya kweli.

Na mji wetu una fani yake ya ukumbusho ambayo inaweza kutufundisha kuzisoma hizo nyingine. Tshibumba Kanda Matulu na wachoraji wenzake wa miaka ya 1970 waliuza picha za kutundikwa sebuleni: *Colonie belge* na mijeledi yake, Lumumba, vita vya Katanga. Zilipimwa kwa uwezo wake wa kumfanya mtazamaji aanze kusema. Mgeni anaketi, anatazama ukuta, anauliza, na mwenye nyumba anaanza: siku ile baba yangu... Tshibumba alipochora historia nzima ya nchi kwa ajili ya Fabian, picha zipatazo 100, alizifuatanisha na maelezo ya mdomo, na moja bila nyingine ni pungufu. Ukumbusho wa Katanga unaweka hadharani mateso ya wote. Picha ya Rhodes inaweka hadharani furaha ya nyumba moja na kuyaficha mateso yaliyokuja baadaye. Lakini zote mbili zinategemea sauti ya aliyepo. Ukuta hausemi. Mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioanza karibu mwaka 2000 chini ya Bogumil Jewsiewicki na Donatien Dibwe dia Mwembu, uliielewa kanuni hiyo: vitu vya nyumbani vya wakazi vililetwa pamoja na masimulizi ya wenyewe. Naamini ni mfano bora kuliko makabati mengi ya kioo ya Ulaya.

Picha za Rhodes, nyingi zao, hazipo tena hapa. Familia ziliondoka kwa mawimbi: baada ya uhuru na vurugu za mwaka 1960, baada ya Mobutu kutangaza uzairishaji wa biashara Novemba 1973, na baada ya uporaji wa mwaka 1991. Zilikwenda Brussels, Cape Town, Israeli. Rhodes yenyewe ina makumbusho ya Kiyahudi, yaliyoanzishwa na Aron Hasson mwaka 1997 kando ya sinagogi la Kahal Shalom la mwaka 1577, ambapo picha zilizotunzwa na familia zilizotawanyika duniani zimekusanywa tena. Zimerudi zilikotoka, na hilo ni jema. Hofu yangu ni kuhusu namna picha za zamani zinavyorudufiwa siku hizi popote duniani: simu inainuliwa, uso unachukuliwa, mgongo unaachwa. Picha ya Rhodes iliyopoteza mgongo wake imepoteza mpokeaji. Inabaki kuwa picha ya watu waliokufa, na kabla ya hapo ilikuwa barua ya watu hai.

Kwa hiyo neno langu ni kwenu mnaoishi Annexe, komini inayozizunguka nyingine zote za mji huu, ambako nyumba nyingi zina sanduku au bahasha ya picha zilizokuja na familia kutoka kwingine. Zimo za ndugu, na huenda zimo za nyumba ambazo babu zenu walifanya kazi. Msizitupe kwa sababu hamuwajui waliomo. Mkizipiga upya, pigeni pande zote mbili. Kama nyuma ni tupu na yuko bado mzee anayeyajua majina, mkalisheni, mwandike kwa penseli laini, pamoja na jina la yule aliyesimama pembeni, kisha mpeleke nakala Chuo Kikuu pale Kasapa au Makumbusho ya Lubumbashi.